Mafuta Juu ya Mafuta: Istilahi za Matengenezo ya Pikipiki Kuukuu

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa ili lugha yake ikaguliwe, miswada ya ufundi ndiyo inayotuchukua muda mrefu kuliko yote, wala si kwa sababu ya wingi wa kurasa zake. Riwaya yenye sentensi mbovu humchosha msomaji, naye huiweka kando akatafuta nyingine. Mwongozo wa ufundi wenye sentensi mbovu hauwekwi kando, kwa kuwa msomaji wake amekwisha kufungua injini, na vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia sakafuni. Hana budi kusoma mpaka mwisho, na kutenda alichokisoma.

Mswada tunaotaka kuujadili ni tafsiri ya mwongozo wa Kiingereza wa miaka ya 1950, unaomfundisha mwenye pikipiki kuitengeneza mwenyewe nyumbani kwake. Mfasiri hatumtaji jina, maana makosa aliyoyafanya yanaonekana katika tafsiri nyingi za namna hii, na baadhi ya aliyoyafanya vizuri hatujayaona kwingineko. Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1948 na ikaachwa kuundwa mwaka 1971. Kampuni iliyoiunda, yenye kiwanda chake Small Heath katika mji wa Birmingham, nayo ilianguka muda mfupi baadaye. Kwa hiyo mtu aliyerithi pikipiki ya namna hii kutoka kwa babu yake hana wakala wa kumwendea, na fundi wa mtaani aliyezoea pikipiki za leo huenda hajapata kuiona hata moja. Amebaki yeye na kitabu. Hapo ndipo istilahi hupimwa kweli kweli: ama neno litaupeleka mkono kwenye kipande kinachotakiwa, ama litaupeleka pengine.

Historia ya mashine hii ina jambo moja linalowahusu wafasiri. Bantam haikubuniwa Uingereza. Asili yake ni pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ya mwaka 1939, ambayo michoro yake ilichukuliwa na mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Pili kuwa sehemu ya fidia. Kutokana na umbo hilo hilo Warusi waliunda Moskva M1A, Wamarekani wa Harley-Davidson wakaunda yao mwaka 1948, na Yamaha ya Japani ikaanza kazi yake ya pikipiki mwaka 1955 kwa YA-1 iliyofuata mfano huo. Wahandisi wa BSA hawakuunakili mchoro kama ulivyo. Waliupindua kama sura inavyopinduka katika kioo, ili gia ibadilishwe kwa mguu wa kulia, kama Waingereza wa siku zile walivyozoea. Walimwangalia kwanza atakayeipanda. Mfasiri wa mwongozo wake angefaa kufanya vivyo hivyo.

Tuanze na neno lililotupa shida kuliko yote, nalo si neno geni wala refu. Ni mafuta. Katika maisha ya kila siku neno hili halimsumbui mtu. Mwenye kusema gari limeishiwa mafuta haletewi mafuta ya nazi, na mama anayemtuma mtoto dukani mafuta wakati chungu kiko motoni haletewi dizeli. Mahali na shughuli hulifafanua neno. Lakini katika ukurasa wa mwongozo huu mahali ni pamoja na shughuli ni moja, na kila kitu kinachomiminwa, kinachopakwa na kinachooshea kimeitwa mafuta. Tumekuta sentensi hii, ambayo tunainukuu neno kwa neno: «Changanya sehemu moja ya mafuta na sehemu ishirini za mafuta, kisha mimina katika tangi la mafuta.»

Msomaji aliyezoea magari atacheka, lakini mwenye Bantam hana la kucheka. Injini yake ni ya mapigo mawili, wala haina karai la oili chini yake kama injini ya gari. Oili inayolainisha pistoni, beringi na mhimili wa injini huingia pamoja na petroli, ikiwa imechanganywa nayo tangini. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, ambacho ni cha kawaida kwa injini za umri huo, lita 5 za petroli huhitaji mililita 250 za oili. Asiyeitia oili, akidhani kwamba kwa kuwa amejaza mafuta basi amekwisha kuchanganya, ataendesha kilomita chache tu. Pistoni ni ya alumini na silinda ni ya chuma cha kuyeyusha. Alumini hupanuka kwa joto kuliko chuma, na pasipo utando wa oili kati yake pistoni hukamata ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma huacha kuzunguka ghafla, na mpandaji aliye katika mwendo huenda akatupwa chini. Anayekosea upande wa pili, akatia sehemu ishirini za oili kwa moja ya petroli, hapati madhara hayo: pikipiki haitawaka tu.

Kurasa mbili mbele, neno lile lile linamaanisha oili ya giaboksi, ambayo katika mashine hii ina chumba chake na haichanganyiki na ile ya tangini. Kisha linamaanisha grisi ya beringi za magurudumu. Kisha, katika sehemu ya usafishaji, tunaambiwa vipande vioshwe kwa mafuta katika beseni. Kitabu cha asili hapo kinataja mafuta ya taa. Msomaji wa tafsiri, ambaye kurasa zote zilizotangulia zimemfundisha kwamba mafuta ndiyo yaliyomo tangini, atajaza beseni petroli, pengine katika chumba kilichofungwa, pengine karibu na jiko. Hatuoni haja ya kueleza zaidi.

Baadhi ya wenzetu hupendekeza neno kilainishi liwe badala ya mafuta. Ni neno zuri, na linafaa katika kitabu cha fizikia ambamo mwanafunzi anafundishwa jinsi msuguano unavyopunguzwa. Lakini ni jina la jamii, si la kitu. Kumwambia mtu atie kilainishi ni kama kumwambia mpishi atie kiungo. Yeye anataka kujua kama ni pilipili au mdalasini. Maneno yanayotakiwa yamekwisha kuwako, nayo yanatumika katika kila gereji: petroli, oili, oili ya gia, grisi, mafuta ya taa. Ushauri wetu kwa wanaofasiri miongozo ni kwamba neno mafuta likiwa peke yake lisitumike kabisa katika sentensi yoyote ya kuamuru. Na tangi liitwe tangi la petroli. Wapo watakaosema kwamba oili ni neno la kukopa ilhali mafuta ni letu. Ni kweli. Lakini petroli nalo ni la kukopa, na hakuna aliyewahi kulalamika akiwa njiani na tangi tupu.

Kundi la pili la makosa ni yale yatokanayo na kufasiri neno pasipo kukitazama kitu. Injini ya mapigo mawili ya aina hii haina valvu. Ukutani mwa silinda kuna matundu ambayo pistoni huyafunika na kuyafunua ipandapo na ishukapo, moja la kutolea moshi na mengine ya kupitishia mchanganyiko wa petroli na hewa. Kwa Kiingereza jina la matundu hayo lafanana na jina la mahali zinapotia nanga meli, na mfasiri wetu, bila kusita, ameandika bandari. Kwa hiyo tunasoma juu ya bandari ya moshi, na juu ya bandari iliyozibwa ambayo yapasa ikwanguliwe. Tundu la moshi na matundu ya kupitishia yangetosha, na fundi yeyote angeelewa mara moja.

Ugumu zaidi uko katika lile pafikapo pistoni kabla haijaanza kushuka. Mswada umepaita kituo mfu cha juu. Mtu asiyejua Kiingereza hawezi kukisia maana yake, na anayekijua Kiingereza hakuhitaji tafsiri. Nayo si istilahi ya pambo, maana wakati wa kuwashwa kwa cheche hupimwa kutoka mahali hapo hasa: cheche yapasa kutokea pistoni ikiwa imebakiza milimita chache kufika, na aliyekosea hupata injini yenye joto jingi au isiyo na nguvu. Sisi tumependekeza kikomo cha juu, na upande wa chini kikomo cha chini. Wengine wametaja kilele, ambalo ni neno zuri kwa upande wa juu lakini halina mwenzake wa chini.

Neno mapigo lenyewe lina kasoro yake. Pistoni haimpigi mtu wala kitu. Inakwenda na kurudi. Hata hivyo injini ya mapigo mawili na ya mapigo manne yamekwisha kuota mizizi mashuleni, na kuyang'oa sasa ni kuwachanganya walimu bure. Tunachokipinga ni kulichukua neno hilo hadi mahali lisipoweza kufika. Mswada unasema kwamba pigo la Bantam ya kwanza lina urefu wa milimita 58. Pigo halina urefu. Mwendo wa pistoni una urefu, na hivyo ndivyo iandikwe: kipenyo cha silinda milimita 52, mwendo wa pistoni milimita 58, ujazo sentimita za ujazo 123.

Isidhaniwe kwamba twakataza kila tafsiri ya sisisi. Ndani ya kabureta kuna kipande chembamba chenye ncha ambacho Waingereza hukiita sindano, na sindano ndivyo kilivyo kwa kila mwenye macho. Mfasiri ameandika sindano, nasi tumeliwekea alama ya vema. Lakini mumo humo kabureta kuna kipande chepesi kinachoelea juu ya petroli, kikipanda hufunga njia, kikishuka huifungua. Hicho amekiita kielezi. Walimu wa sarufi watashtuka kumkuta kielezi ndani ya kabureta, na pia watatambua kwamba kitenzi kilichotakiwa ni kuelea, si kueleza. Wavuvi wetu wanalo neno boya, nalo linatosha pasipo kubadilishwa hata herufi.

Kabureta yenyewe imepewa jina la kichanganyishi cha hewa na petroli. Jina hilo ni la kweli, kwa maana kwamba linaeleza kazi ya kitu. Lakini jina si maelezo. Lilipokutana na viambatanisho vingine limezaa sentensi hii: «Legeza kifuniko cha chumba cha kielezi cha kichanganyishi cha hewa na petroli.» Msomaji mwenye bisibisi mkononi akifika mwisho wa sentensi hiyo atakuwa amesahau alichoambiwa alegeze. Kwa tabia ya lugha yetu, ambamo kila nomino huungana na nyingine kwa a-unganifu, jina refu la kipande kimoja huwa mzigo mara tatu. Legeza kifuniko cha boya la kabureta: imekwisha. Hali kadhalika plagi isiitwe kitoa cheche, wala klachi isiitwe kitenganishi cha mwendo. Na kiki, ambayo imeandikwa mkono wa kuwashia kwa mguu, ibaki kiki. Mkono unaokanyagwa hatujauona bado.

Twataka sasa tuseme juu ya jambo ambalo aghalabu halihesabiwi kuwa la istilahi, nalo ni tarakimu. Mafundi wetu huziita spana kwa namba: namba 10, namba 13, namba 17. Namba hiyo ni upana wa mdomo wa spana kwa milimita. Pikipiki za Kiingereza za enzi ya Bantam zilifungwa kwa nati za vipimo vya inchi vya namna mbalimbali, na namba iliyochongwa juu ya spana ya Whitworth si upana wa mdomo, bali ni unene wa bolti inayohusika. Spana iliyochongwa 1/4 W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3 hivi. Mfasiri amefanya hesabu yake kwa uangalifu, akaona kwamba robo inchi ni milimita 6.35, akaandika: «Tumia spana namba 6.» Hesabu ni sahihi na maagizo hayatekelezeki. Namba 13 haitaingia. Namba 14 itaingia kwa kulegea, itakula pembe za nati, na nati iliyokwisha kuliwa pembe haifunguki tena ila kwa patasi. Hapa dawa si kugeuza kipimo, bali ni kukiacha kilivyo na kuongeza sentensi moja ya kueleza kwamba spana za milimita hazifai.

Katika mlango huo huo tumefurahi kuona mfasiri ametumia neno hesi kwa ile mistari inayozunguka bolti. Kamusi zetu za zamani zinalo neno hili, pamoja na msumari wa hesi, lakini limepungua vinywani, na badala yake husikika meno au uzi. Meno tayari ni ya gia na sproketi. Hesi lirudi. Bali hatukubaliani naye aandikapo kwamba nati nne za kichwa cha silinda zikazwe kwa nguvu zote. Kitabu cha asili kinasema zikazwe kidogo kidogo, kwa kupishana pembe kwa pembe, kwa sababu kichwa hicho ni cha alumini na hupinda kikikazwa upande mmoja. Kukaza kwa zamu ni maneno matatu tu. Kuyaacha ni kumpotezea mtu kichwa cha silinda ambacho hana pa kukinunua.

Lipo jambo jingine linalotusikitisha, kwa kuwa Kiswahili kina utajiri ambao mswada haukuutumia. Lugha hii iliipa mashine jina kwa sikio. Pikipiki ni sauti yake, na tukutuku, ambalo baadhi ya wasemaji walilitumia kwa mashine hiyo hiyo, nalo ni sauti. Fundi naye huutambua ugonjwa wa injini kwa sikio kabla hajashika spana. Mwongozo wa asili unalijua hilo, na katika sura ya hitilafu unatofautisha sauti nne, kila moja ikiwa na chanzo chake. Katika tafsiri zote nne zimekuwa sauti isiyo ya kawaida. Kumbe tuna kugogota, kwa pistoni iliyolegea ambayo hugonga wepesi injini ikiwa baridi; tuna kugonga, kwa beringi kubwa ya mhimili iliyokwisha, ambayo hutoa mshindo mzito mpandaji anapoongeza moto; tuna kuvuma, kwa beringi za pembeni; na kabureta inaporudisha moto nyuma mafundi husema inapiga chafya. Mfasiri aliyekwisha kukaa saa moja tu katika gereji asingehitaji kamusi kwa sura hii.

Tumesema kwamba yako mazuri. Bora kuliko yote ni masizi. Injini inayochoma oili pamoja na petroli hujaza utando mweusi juu ya pistoni, ndani ya kichwa cha silinda na katika tundu la moshi, hata pumzi yake ikaziba na nguvu zikapungua. Kuuondoa utando huo ndiyo kazi ya kwanza anayofundishwa mwenye pikipiki ya namna hii. Wengine wangeandika uondoshaji wa kaboni. Huyu ameandika kukwangua masizi, maneno yaliyotoka moja kwa moja chini ya sufuria, na tena ameongeza kwamba kikwangulio kiwe cha mti, kwa kuwa chuma huchuna alumini. Vilevile ametumia pete za pistoni mahali pa ringi. Hatuzuii ringi, ambayo kila fundi anaijua, lakini pete inaeleweka na asiye fundi, nayo huvutia pengo la pete kwa urahisi. Pengo hilo lina umuhimu: katika pistoni ya Bantam kila mfereji una pini ndogo, na ncha mbili za pete lazima zikae mkabala wa pini hiyo, la sivyo pete huvunjika wakati wa kuingizwa silindani. Aya hiyo ameifasiri bila kosa hata moja. Hofu yetu ni kwa karani wa forodha atakayepokea maombi ya pete mbili kutoka Uingereza. Aandikiwe jina kamili.

La mwisho ni breki. Kitabu cha mwaka 1950 na kitu kinamwagiza msomaji afungue ngoma ya breki na kulipuliza vumbi lililomo. Mfasiri amefasiri sawasawa: «Puliza vumbi litoke.» Kwa upande wa lugha hapana la kusahihishwa. Lakini vitambaa vya breki vya pikipiki za miaka ile viliundwa kwa asbesto, na leo inajulikana kwamba vumbi la asbesto likivutwa huharibu mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi. Waliokiandika kitabu hawakulizingatia hilo; anayekifasiri leo hana udhuru. Swali tuliloulizwa ni kama mfasiri ana haki ya kuongeza neno lisilokuwamo katika asili. Katika hati ya mahakama hana. Katika mwongozo wa kutengeneza kwa mkono ana haki, na tunaona ana wajibu, mradi aonyeshe wazi kwamba maneno ni yake. Tumeandika pambizoni: vumbi lisipulizwe, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na orodha ya maneno ya kubadilishwa. Moja tumeliacha bila kulikata. Vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo vitambaa vya breki hugandishwa juu yake, mswada umeviita viatu vya breki, na mafundi wengi husema breki shuu. Kiatu cha breki hakivaliwi, lakini kinakanyaga ngoma ili isimamishwe, na huenda picha hiyo ikatosha. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaosikia neno jingine midomoni mwa wanafunzi wao, la bara au la pwani, watuandikie kabla ya toleo lijalo, na wataje pia mahali walipolisikia.